Miaka Tisa ya Neno Moja

Katika ofisi ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, ghorofa ya pili juu ya duka la mataulo, watu waliitwa kwa kazi zao. Mama M alikuwa na herufi nzima. Mwenzake wa meza ya pili alipewa neno moja tu la Kiingereza, "but", wakambatiza Bwana Lakini. Miaka tisa hiyo. Watoto wa Mama M walizaliwa, wakaota meno, wakaanza shule, naye Bwana Lakini bado yumo mle mle kati ya kabati na dirisha lisilofunguka, anapanga kadi, kila moja na tumizi lake la neno lile.

Msimcheke, neno lenyewe ni jeuri. Ukilitazama juu juu ni lakini, basi. Ukilichimba, mara lina maana ya isipokuwa, mara ya tu, kama Mwingereza anaposema fulani ni mtoto tu. Na asili yake, karne nyingi nyuma, lilimaanisha nje. Siku alipoligundua hilo, Bwana Lakini alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaliangalia lile dirisha, kicheko kikamkauka.

Utaratibu ulikuwa hivi: ukidhani umemaliza neno, unabandika tangazo ubaoni. Siku saba zikipita bila yeyote kuleta matumizi mapya, mhariri mkuu anatia saini, umekuwa huru. Ikija kadi moja tu, unarudi mezani miezi kadhaa. Bwana Lakini alishabandika mara nne, na mara zote nne kadi ilikuja.

Mkewe alitangulia kuhamia miaka mitatu iliyopita kwenye nyumba waliyoijenga kidogo kidogo. Alikuwa akimngoja astaafu, na barua ya kustaafu haitoki kabla ya saini. Juma alilobandika mara ya tano, mkewe alimpigia simu.

"Mume wangu, nimechoka kumtandikia kitanda mtu asiyekuja. Safari hii usipotokea, usinipe tena tarehe."

"Safari hii nakuja, mama. Ni hawa wenzangu tu walikuwa wananichelewesha."

Siku ya saba, saa nane mchana, tangazo lilikuwa bado peke yake ubaoni. Mama M akapita. "Mzee, fungasha. Saa kumi mkubwa anasaini."

Akafungasha. Kikombe, miwani ya akiba, kandambili za kuvalia ofisini. Miaka tisa, na mfuko mmoja haukujaa. Ndipo woga ulipomshika, woga hasa. Kule nyumbani atakuwa nani? Watakaa sebuleni wakitazamana, na mkewe atagundua kwamba mumewe hana la kusema lisiloandikwa kwenye kadi. Hapa alibanwa, ndiyo, ila kubanwa kwa hapa alishakuzoea.

Mfukoni mwa shati alikuwa na karatasi ya tangu Jumanne. Alisikia redioni, kwenye mchezo wa kuigiza wa Waingereza wa kaskazini huko, fundi bomba anamaliza sentensi yake yote, halafu ndipo analitupa "but" mwishoni, kama mtu aliyeondoka akarudi kuchukua kofia. Matumizi hayo hayakuwamo kwenye kadi zake. Alijiambia ataitupa karatasi ile. Hakuitupa.

Saa tisa na nusu alisimama, akaenda kuibandika mwenyewe, kwa pini nne, ingawa moja ilitosha. Mama M aliisoma, akamtazama, akarudi kwenye herufi yake.

Akampigia mkewe pale pale. "Mama, imekuja kadi nyingine. Wamenizuia."

"Nani kaileta?"

Bwana Lakini akakohoa, akahamisha simu sikio la pili.

"Na zile nne za nyuma," mkewe akauliza taratibu, "zililetwa na nani?"

Bwana Lakini akaanza kueleza habari za fundi bomba wa redioni, akaishia njiani.

"Miaka mitatu kila asubuhi nawalaani wenzako," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Huyo Mama M wako namchukia hata sura simjui. Niombee radhi kwake, baba. Mwambie nilikuwa sijui."