Kazi ya Mzee M'Ikiara Niliyoiandika Kuwa Yangu

Mwanangu Kendi, jana uliponisomea karatasi yako ya kuombea kazi nilifumba macho, ukadhani bibi yako amesinzia. Sikusinzia. Nakumbuka siku moja nilikwenda kiwanda cha kahawa, hapa Kanyakine, nikiwa na karatasi kama hiyo na maringo tele.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Misimu miwili ya kahawa nilimsaidia Mzee M'Ikiara, karani wa mizani wa kiwanda hicho. Yeye alipima kahawa ya wakulima na kuandika uzito. Mimi niliwaita wakulima kwa majina na kuwasomea risiti wasiojua kusoma. Basi kijiji kizima kikaniita Karani. Ukiitwa hivyo kila siku unaanza kuamini, hasa ukiwa na kichwa kigumu kama changu.

Ofisi moja mjini Meru ilipotafuta karani, niliandika: karani wa mizani, miaka miwili. Wakaniita nifike Ijumaa na barua ya aliyekuwa mkubwa wangu. Nyumbani tulichinja kuku kabla sijapata hata kiti, na baba akatangaza kanisani.

Nilipomwomba barua hiyo, Mzee M'Ikiara aliisoma karatasi yangu mara mbili, akavua miwani.

"Sasa Kagendo, hii ni kazi yangu umeandika. Na mimi niseme nilikuwa nafanya nini?"

Nililia, mwanangu. Nililia kwa aibu, na kwa ajili ya kuku yule pia. Hakunigombeza. Alinitandikia gunia niketi, akachukua karatasi mpya.

"Ulikuwa unasomea watu risiti, na hakuna mtu alilalamika umemdanganya. Hiyo si kazi? Kwani unaionea haya?"

Akaandika hivyo hivyo: msaidizi wa karani, misimu miwili, na miezi yenyewe akaitaja. Akatia sahihi.

Ijumaa, kule Meru, niliziweka karatasi zote mbili mezani, nikasema ile ya kwanza niliitia uongo mwenyewe, tena kwa kujua. Ukarani alipewa mwingine. Nilirudi nimevunjika moyo, na baba hakunisemesha siku nne. Baadaye waliniita kupanga faili, na ukarani niliupata baada ya miaka, kwa jasho. Kisha akaja mkubwa mpya akataka kukagua kama yaliyomo katika faili za wafanyakazi wote ni ya kweli. Wenzangu kadhaa waliugua ghafla wiki hiyo. Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu.

Sasa wewe umeandika meneja wa duka. Najua ulikuwa ukilifungua lile duka la fotokopi pale Nchiru siku za Jumamosi, mwenye duka akiwa shambani, na wenzako wa hosteli wanakuita Bosi. Najua pia umeomba kazi kila mahali, na hawa ndio wa kwanza kukuita. Siwezi kukucheka. Lakini watampigia yule mama mwenye duka, naye itambidi achague kukulinda au kusema kweli. Usimtwishe mzigo huo. Andika ulichofanya: ulifungua duka, ulihudumia wanafunzi, ulitengeneza mashine ilipokwama, na useme ni Jumamosi tu. Watumie leo, kabla hawajauliza, na ukiri kosa ni lako.

Huenda wakakunyima nafasi, sitakudanganya. Kuku nitachinja vivyo hivyo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kazi utakayoitaja mbele ya yeyote bila kumeza mate.