Bwana Misitu Aliyezima Gari

Nilikuwepo mwenyewe pale Ihanja, nimekaa mbele kabisa, kwa hiyo asinibishie mtu aliyekuwa amelala kwake Mandewa.

Bwana misitu alikuja kutuhutubia habari za moshi. Njiani alikuwa amemnyang'anya mama mmoja gunia lake pekee la mkaa, akalipakia garini. Akatuambia nchi sasa inataka nishati safi. Nyuma yake gari linanguruma na moshi mweusi unatuingia puani. Halikuzimwa kwa sababu stata ilikuwa imekufa; likizimwa haliwaki mpaka lisukumwe.

Yule mama, aliyekuwa amelifuata gunia lake mpaka mkutanoni, akasimama.

"Shikamoo, mama," akasema bwana misitu.

"Marahaba, mwanangu. Zima gari kwanza, ndipo tusikie hayo ya moshi."

Watu wakacheka. Akalizima kwa aibu. Hotuba ilipokwisha akaomba tumsukume. Hakuna aliyeinuka.

"Mama, waambie basi wanisukume."

"Teremsha gunia langu. Upepo wa hapa unang'oa mabati. Siku mtakapouletea mashine ya umeme ukawasha jiko langu, mkaa nitauacha bila kukimbizwa. Nikiacha leo, wajukuu wale nini?"

Gunia likateremka.

Soko huria limetuletea mitumba, redio na soda za kopo, lakini mashine ya upepo hatujaiona. Halafu tunaambiwa tuanze sisi wenye jiko moja. Hatuanzi. Watangulie wenye injini.

Gari nililisukuma mimi peke yangu mpaka likawaka. Hapo tu ndipo nimetunga: aliyetangulia kusukuma ni yule mama, wengine wakamfuata, mimi nilibaki kumlindia gunia.