Usiwape Sana

Tangi lile la samaki nililiita mke mwenzangu kwa miaka kumi na moja, na mume wangu alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Lilisimama sebuleni kwetu, Kilburn, kwenye ukuta wa mbali na dirisha, na mimi na kochi langu tukasukumwa pembeni. Mwenzangu alipewa maji yaliyochujwa wakati sisi tunakunywa ya bomba. Mume wangu alikuwa dereva wa basi, lakini kila Jumamosi alipanda basi kama abiria, madumu mawili mikononi, kwenda kuyanunua maji hayo kwenye duka la samaki. Akirudi, kabla hajavua koti, alikwenda kwanza kumjulia hali. Mimi nilisubiri zamu yangu jikoni.

Ndani ya tangi mlikuwa na samaki sita na tumbawe moja. Sisi tuliozaliwa kusini ya Unguja tumeyakanyaga matumbawe tangu utotoni, yametukata nyayo, na haikunipitikia kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kulifuga. Alilinunua likiwa dogo kama kidole gumba, lina vinywa viwili tu. Vinywa ndivyo alivyoviita, vile vishada laini vya kijani vinavyofunguka asubuhi taa ikiwaka na kuchezacheza na maji. Lilikua, likatoa matawi, likazaa vinywa vingine, mpaka vikafika thelathini. Alivihesabu kila Jumapili na kuniletea habari jikoni.

Aliingia hospitali kwa sababu ya moyo, siku ya Jumatatu. Alhamisi alikuwa na nafuu, amekaa kitandani, anakula jeli na kuisema vibaya. Saa kumi jioni aliniangalia akasema, "Nenda nyumbani kawape samaki. Usiwape sana." Nikamwambia samaki hawafi kwa kukosa siku moja. Akasema hawajala tangu jana, na mimi pia sijala, niende. Nikamsogezea gilasi ya maji nikaondoka. Nilikuwa nimesimama mbele ya tangi na kijiko mkononi simu ilipolia.

Kazi yangu ni kuangalia wazee majumbani mwao. Nimeona vifo, na nimewaambia watoto wa watu zaidi ya mara moja kwamba wengine husubiri familia itoke chumbani ndipo waende zao, kwa hiyo wasijilaumu. Nilikuwa nikiyasema maneno hayo vizuri sana. Siku ile hayakunisaidia hata kidogo.

Wifi yangu alifika usiku uleule kutoka Rayners Lane. Ni dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akimwogesha na kumpeleka chuoni kusoma Kurani kwa mkono. Alinishika mabega palepale mlangoni, hata salamu hakutoa, akaniuliza, "Alitamka?"

Alimaanisha shahada, kalima ya kufia. Nikasema, "Alitamka. Nilikuwa nimemshika mkono."

Sikuwa nimepanga kusema uongo. Niliuona uso wake tu, nikampa alichokuja kukitafuta. Akasema alhamdulillahi, akakaa chini palepale kwenye ngazi. Kufika siku ya tatu ya msiba habari ile ilikuwa imezunguka na kunirudia mwenyewe, imeongezwa tabasamu na kidole kilichonyooshwa juu, na mimi naitikia kwa kichwa.

Baada ya khitma wifi alisimama mbele ya tangi. Akasema viumbe hivi ndugu yake alivilisha kwa mkono wake, basi na sisi tuvilishe kwa niaba yake, thawabu zimfikie. Akachota chakula kwenye kopo akanyunyiza. Nililia, maana lilikuwa jambo zuri. Kisha akachota mwingine, na mwingine. Wanawake wa Kiunguja, wa Mombasa, jirani zetu Wahindi wa Kampala, kila aliyekuja kunipa pole alisimama pale akatoa sadaka ya vidole viwili. Mtu msibani anatafuta kitu cha kufanya na mikono yake, na kwangu alikipata. Walipopungua watu, nikaendelea mwenyewe. Nilikuwa kwenye eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, sina pa kwenda wala wa kumpikia. Nikawa nawalisha kila baada ya sala, mara tano kwa siku.

Kwanza lilikuja vumbi la kahawia juu ya mchanga. Nikadhani ni uchafu wa kawaida. Kisha yakaota manyoya mafupi ya kijani kwenye mawe, na katika wiki mbili manyoya yakawa nywele, ndefu, laini, zimeshika bomba, zimeshika kioo, zinapanda kwenye shina la tumbawe. Mwani. Mama yangu alilima mwani miaka mingi, akiufunga kwenye kamba huku maji yakimfika magotini, akiubembeleza uote, na hiyo ndiyo iliyonivalisha sare za shule. Sasa mimi binti yake nipo Kilburn ghorofa ya pili, naung'oa kwa mswaki na kuulaani. Niliung'oa leo, kesho kutwa umerudi. Maji nayo yalipopungua nilijaza ya bomba, kwa kuwa binti yangu ana kazi na watoto, na mimi wa eda sikuona vipi nitabeba madumu barabarani.

Binti yangu akaja akapiga picha kwa simu, akauliza watu anaowajua yeye humo. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba tatizo ni chakula. Kinachobaki kinaoza, na mwani unashiba. Nilimwambia haiwezekani. Halafu nikafungua daftari la baba yake, aliloandikia mambo ya tangi, na kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wake wa kulala, nikakuta: Mwani ni chakula kilichozidi. Usilaumu taa.

Nikaacha kuwalisha ovyo. Lakini wifi alikuja kila Ijumaa, akibadilisha treni Wembley Park na magoti yake mabovu, kwa ajili ya sadaka ile. Nililificha kopo. Ijumaa iliyofuata akaja na kopo lake kwenye mkoba, kubwa kuliko langu, na akawanyunyizia kama anayelisha kuku. Nilikuwa na neno moja la kumzuia, neno la ndugu yake mwenyewe, na sikuweza kulitoa kwa sababu lingeutoa nje na uongo wangu. Vinywa vilianza kufunga. Nywele zikivigusa vinajikunja, vikijikunja siku nyingi nyama inabanduka, na chini unabaki mfupa mweupe. Nilivihesabu mimi sasa. Kumi na tisa. Kumi na kimoja. Nilijichukia.

Mwezi wa tatu wa eda, vimebaki vinne, wifi alisogea na kopo lake nikamshika mkono.

"Wifi, usiwape."

"Kwa nini?"

"Chakula kinazidi. Ndicho kinacholeta mwani, na tumbawe lake linakufa."

Aliutoa mkono wake taratibu. "Sadaka ya ndugu yangu, ya vidole viwili, inakukera? Umeshamchoka, na eda haijesha?"

Ningeweza kugombana. Mdomo ninao, yeye mwenyewe anajua. Badala yake nikakaa kwenye kochi na kumwambia yote. Nilimwambia sikuwepo. Nilimwambia maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake ni niende nikawape samaki na nisiwape sana, na kwamba nilimtii nikaenda, nikamwacha. Nilimwambia kama alitamka, Mungu ndiye anayejua, mimi sijui.

Aliyageukia maji. "Kwa hiyo alikuwa peke yake," akasema.

"Pengine muuguzi alikuwepo. Sikuuliza."

"Hukuuliza?"

"Niliogopa wataniambia."

Msiba mzima wifi hakulia mbele za watu, aliongoza dua na kugawa chai. Siku ile alilia kwa sauti, akimwita ndugu yake kwa jina alilompa utotoni, na nilipomsogelea alinizuia kwa kiganja. Kisha akavaa koti, akaondoka bila kunywa chai. Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Simu zangu hakupokea. Nikajua nimempoteza na yeye.

Nilifanya kila kilichoandikwa kwenye daftari. Nilipunguza saa za taa, nikawalisha mara moja kwa siku, kidogo, binti yangu akaleta maji na konokono wa kula mwani. Nilisugua jiwe moja moja kwa mswaki mpaka vidole vikachubuka kwa chumvi. Mwani ukaanza kuregea, ukageuka mweupe, ukang'oka wenyewe. Mawe yakaonekana tena. Kwa tumbawe nilichelewa. Kinywa cha mwisho kilifunga wiki ya mwisho ya eda, na kila asubuhi nikiwasha taa nilikaa na kukisubiri. Hakikufunguka. Nilimlilia mume wangu siku hiyo upya, kama vile ndiyo kwanza simu imelia, kwa sababu kile kilikuwa kitu cha mwisho alichoniachia nikiangalie, na mimi nikakiua kwa uongo wa kumpamba, ambao yeye hakuuhitaji.

Siku ya kutoka eda binti yangu alikuja kuniogesha na kunivisha nguo nyingine. Tulikuwa bado chumbani mlango ulipogongwa. Alikuwa wifi, anahema kwa ngazi, bahasha ya udi mkono mmoja, na mkono wa pili anaburura dumu la maji yaliyochujwa. Alikuwa amemuuliza binti yangu duka liko wapi. Mimi sikuwa na habari.

Alikwenda kwenye tangi akalitazama tumbawe, matawi meupe matupu, na samaki sita waliomkimbilia kwenye kioo kwa mazoea. Akatoa kopo kwenye mkoba. Akachota kidogo, akakitazama, akarudisha nusu yake, ndipo akanyunyiza. Akanigeukia.

"Inatosha?"

"Inatosha."

Akafunga kifuniko. "Ile shahada uliyoniambia niliishukuru," akasema, "lakini kila nikiikumbuka sikuisikia sauti ya ndugu yangu. Hili la samaki nalisikia." Akakaa kwenye kochi langu lililosukumwa pembeni, akayasugua magoti yake. "Hebu niambie tena. Alisemaje?"

Nikamwambia. Akaniomba nirudie, nikarudia polepole, na sikuongeza kitu.