Nilichomlisha Kahindo

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku mama mkwe wangu aliponikemea bila kunitazama wala kunitaja. Nyumbani kwake mkwe na mkwe hawakusemezana uso kwa uso. Ndiyo heshima aliyoilinda. Basi akiwa na neno la kuniambia, alilipitisha kwa binti yangu Kahindo, aliyekuwa na miaka minne. Siku hiyo alimpakata, akayapima mashavu yake kwa kiganja, akasema, "Kahindo, ambia papa yako hivi: mutoto haiko depo. Biskuti banaifichaka ku depo, haiko mu tumbo ya mutoto." Depo ni ghala la duka, na mwenye duka ni mimi, nimekaa hatua tatu tu kutoka pale, nikijifanya nafunga kamba za kiatu.

Ngoja nikueleze nilivyoifikia aibu hiyo.

Mimi ni mtu wa Butembo. Sisi, ukitutupa popote jioni, kesho utatukuta tumefungua duka. Cheka tu, ni kweli. Miaka ile ya vita duka langu lilikuwa Mubi, kwenye barabara ya msituni ya Walikale, nikiwauzia wachimba madini chumvi, sabuni, mchele, biskuti na soda. Mke wangu, Furaha, ni binti wa wakulima wa Masisi. Kabla ya Kahindo tulikuwa na mvulana, Paluku. Vita vilipotufikia mara ya kwanza tulikimbilia msituni, tukakaa humo majuma mengi tukila majani na mihogo michungu, na Paluku akatufia mikononi kwa njaa. Duka langu lilikuwa limejaa chakula, na wenye bunduki ndio waliokuwa wakikila. Hilo sijalisahau, wala siombi nilisahau.

Kahindo alipozaliwa niliapa kwamba huyu njaa haitamgusa. Nikapiga hesabu za kibiashara: waporaji watavunja duka, watabeba magunia, watang'oa hata misumari ya mlango, lakini kilichokwisha kuingia tumboni mwa mtoto hakuna wa kukipora. Basi nikawa nampa. Asubuhi chai ya sukari vijiko sita, na mandazi. Kabla ya mchana biskuti, kwa kuwa zilikuwa karibu na mkono wangu. Akilia, soda. Akinyamaza, soda nyingine ya kumshukuru kwa kunyamaza. Wachimbaji walikuja dukani wakamfinya mashavu wakisema, "Uyu njo mutoto ya patron!" nami, tajiri mwenyewe, kichwa kikavimba, maana mtoto mnene wakati wa vita ni sifa kwa baba yake.

Mke wangu aliona mapema. Aliniambia, "Papa Kahindo, mutoto anapumua mubaya. Hata ku mutoni hafike, anaikala mu njia." Nilimjibu kwamba pumzi hurudi, ila aliyekufa njaa harudi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliona ung'ongo kila mahali.

Vita vikarudi. Ilikuwa asubuhi, watu wananunua chumvi, risasi zikaanza kulia upande wa mto, na Mubi nzima ikamwagika barabarani. Furaha alikuwa mjamzito. Mimi nilikuwa na furushi la chakula kichwani, Kahindo nimemshika mkono. Hatukufika hata kwenye shamba la mwisho la mihogo. Mtoto akaketi chini. Si kwa ukaidi, mwanangu. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi na miguu ilikuwa imegoma. Watoto wa umri wake walitupita mbio, wameshikilia vitenge vya mama zao. Nikambeba, nikateleza naye kwenye matope. Nikambeba tena, tukaanguka tena. Mara ya tatu akanishika uso kwa mikono yote miwili, akasema, "Papa, muende na mama. Miye nitapumuzika apa, nitakuya nyuma."

Nilitupa furushi, Furaha akanisaidia kumfunga mgongoni mwangu kwa kitenge chake, tukajivuta hadi kwenye majani marefu ya mbingobingo kando ya njia, tukalala chini kifudifudi mpaka wenye bunduki walipopita. Tulipona kwa rehema ya Mungu, wala si kwa akili yangu. Chakula nilichokuwa nimekiweka mwilini mwa mwanangu ili kimwokoe ndicho kilichokaribia kumuua.

Kwa miguu, kwa lori, tena kwa miguu, siku nyingi, tukafika Kirotshe, ukingoni mwa ziwa, kwa mama mkwe. Huko ndiko nilikoambiwa neno lile la depo. Na hakuishia hapo. Jumamosi iliyofuata alimvika mjukuu wake gauni safi, akamwambia kwa sauti ya kunifikia mimi, "Kahindo, leo tunaenda ku mizani. Na papa yako anakuya."

Mizani yenyewe ilining'inia kwenye boriti, katika ua wa kanisa. Aliyeisimamia alikuwa Mama Neema, mkulima kama wengine, aliyefundishwa na wauguzi kuongoza kikundi cha familia, wenyeji na wakimbizi pamoja. Kikundi kilianzishwa kwa ajili ya watoto waliokonda, na hao walikuwa wengi. Lakini Mama Neema alipima kila mtoto, aliyepungukiwa na aliyezidi, na sharti lake lilikuwa moja: mtoto hapimwi mpaka wote wanaomlisha wasimame mbele. Si mama peke yake. Bibi, shangazi, baba mwenye mfuko wa pipi, wote.

Kahindo alipotundikwa, mshale ulikwenda mbali. Wamama waliopakata watoto wembamba wakanitazama. Hakuna aliyecheka, heri wangecheka. Mama Neema akauliza, "Nani anamulishaka mutoto uyu?" Nikainua mkono kama mwanafunzi. "Ni miye," nikasema.

Sasa sikia ujinga wangu wa pili, maana mjinga akipewa ukweli huukimbiza hadi uchoke. Nilirudi nyumbani nikageuka jemadari wa sahani. Bugali tonge tatu, basi. Akinyoosha mkono kuongeza, naupiga. Haikupita hata miezi miwili mtoto akawa anaokota makombo chini ya mkeka, na siku moja tukakuta ndizi ya kuchoma, imekauka, ameificha ndani ya viatu vyangu. Furaha alilia. Mama mkwe safari hii hakumtuma Kahindo; alichukua fimbo yake akaenda kumwita Mama Neema.

Mama Neema alikuja mchana ule ule, akakaa kwenye kigoda, akaniomba nimsimulie habari za Paluku. Nikasimulia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike msituni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Papa Kahindo, kwanza ulimushibisha juu ya woga. Sasa unamunyima juu ya woga ile ile. Ku mizani tunapandishaka batoto, lakini mwenye kubeba kilo mingi ni weye."

Nililia mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo mwanamume hafanyi. Mama Neema alikuwa amesema kweli. Miaka minne nilikuwa namlisha Paluku kwa kinywa cha Kahindo.

Baada ya hapo tulianza upya, polepole. Mama Neema hakutaka mtoto apungue haraka. Alitaka akue, urefu wake uufikie unene wake. Kahindo akawa anakula sahani moja na binamu zake: bugali, maharagi, mboga ya lengalenga, na vile visamaki vya sambaza ziwa likitujalia. Anakula mpaka ashibe, hakuna wa kumpiga mkono. Soda ikawa ya Noeli. Asubuhi alipanda na bibi yake shambani, na jembe lake dogo, mwanzo akipumzika kila kona, na bibi akipumzika naye bila kumcheka. Kumtania mtoto kwa mwili wake kikundi kilikataza kabisa, na watu wazima ndio waliopata shida kuizoea sheria hiyo. Jumamosi tulitembeleana: leo kwangu, wiki ijayo kwa baba mwingine ambaye mtoto wake alikuwa mwembamba wa kuvunjika. Tulitazamiana vyungu bila kuficha. Mkono mmoja haulei mwana.

Na mimi je? Mimi Mama Neema aliniamuru kucheza. Kila jioni, kabla jua halijatua, nikimbie na binti yangu kando ya ziwa. Patron mzima, mwanangu, suruali nimeikunja hadi magotini! Wamama wanaofua waliniita, "Papa Kahindo, nani anakufukuza?" Siku za kwanza niliona aibu. Baadaye nilikuwa natazama jua, naona linachelewa kushuka.

Mwaka ulikuwa umekwisha kupita, na mdogo wake Kahindo amekwisha kuzaliwa salama, tulipoisikia tena milio. Risasi, huko juu, upande wa shamba la mama mkwe, na Kahindo alikuwa huko. Nilipanda kile kilima nikiomba kwa sauti. Kichwani nilimwona ameketi njiani, amewaambia watu wamtangulie. Nikafika kwenye kona nikawakuta wanashuka: Kahindo mbele, jembe la bibi begani, amemshika bibi mkono anamvuta, "Kuya, koko, kuya mbio!" Alikuwa anahema kama mtoto yeyote anavyohema. Baadaye tuliambiwa ni askari waliokuwa wakipiga hewani kwa sherehe yao. Mimi sikujali ni nani. Niliketi chini pale njiani, nikaishika ile miguu yake iliyojaa vumbi.

Basi wewe uliyepata mtoto wako wa kwanza mwaka juzi, unayemfunga mdomo kwa biskuti kila anapolia, sikuchukii, ninakujua. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mpe mtoto chakula cha njaa yake, usimpe cha hofu yako. Ukiona amezidi, usimtese wala kumwaibisha. Badilisha chungu cha nyumba nzima, na wote mle hicho hicho. Tembea naye. Cheza naye, hata watu wakucheke. Na kama una msiba moyoni, tafuta mtu mzima wa kumsimulia, usiuweke kwenye sahani ya mtoto. Waite bibi na majirani wakusaidie, na wakikukemea, acha hizo kamba za kiatu, inua uso usikilize.

Mungu akulindie watoto wako, mwanangu. Awape miguu yenye nguvu na pumzi ndefu, na awajalie wasikimbie kamwe kwa sababu nyingine isipokuwa mchezo.