Mwaka Nilioacha Halaiki kwa Ajili ya Karate

Kuna Jumamosi moja ya enzi zangu za chuo Kibaha ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nimesoma vitabu vingi nikitumaini vitaifunika.

Umeniuliza ujiandikishe karate au mazoezi ya viungo, ukaongeza kwamba hayo ya viungo ni ya kina mama na wenye presha. Niliwahi kusema hivyo hivyo, miaka ile ya Ujamaa, nikiwa mwanachuo wa ualimu mwenye mabega mapana na akili finyu.

Jioni tulikuwa na makundi mawili. La viungo liliongozwa na Mwalimu Zakaria, mzee wa kanisa, mtu mpole, aliyetuandaa kwa halaiki za sikukuu. Mwisho wa onyesho tulijenga mnara wa watu: watatu chini, wawili mabegani mwao, na juu kabisa Selemani, kijana mwepesi wa Kurui aliyetaka kuja kufundisha michezo. Mimi nilikuwa wa chini, katikati. Aliye juu hupigiwa makofi. Wa chini hakuna anayemtazama. Hilo liliniuma kuliko uzito wenyewe.

Nikahamia karate, iliyofundishwa ghalani na jamaa aliyejifunzia kwenye sinema za Dar. Gwanda nilishonewa kwa mifuko ya unga wa ngano, na maandishi ya kiwanda yalibaki makalioni hata baada ya kuchemshwa kwa magadi. Wiki ya tatu nikarusha teke ambalo mpaka leo naamini lilikuwa zuri. Goti likasokota, likavimba. Sikumwambia mtu. Mwanakarate gani analalamikia goti?

Jumamosi hiyo tulikuwa twende Kisarawe kwenye sherehe ya wilaya, na aliyechukua nafasi yangu mnarani akaamka na malaria. Mwalimu Zakaria akanifuata bwenini, akaniuliza kama mimi ni mzima, nirudi kushika nafasi ile. Nikamwambia ni mzima kabisa.

Uwanjani, Selemani alinisogelea kabla ya kupanda.

"Kaka, mbona unachechemea? Nipande kweli?"

"Panda bwana. Anayebeba ni wewe au mimi?"

Akacheka, akapanda. Alikuwa ameshanyoosha mikono juu, wageni wanapiga makofi, goti langu lilipokunjika. Mnara ukaporomoka. Sisi wengine tuliinuka tukajipangusa vumbi. Selemani hakuinuka. Walimbeba juu ya benchi, na mgongo wake haukupona tena.

Ilinichukua miaka minne kufika Kurui kumwona. Nilimwamkia mama yake, akaitikia marahaba, akanionyesha mwanawe, ameegemezwa ukutani, anasuka ukili. Selemani akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kaka, nisamehe. Mguu wangu uliteleza, nikawaharibia siku yenu."

Miaka minne alikuwa akijilaumu. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka Kibaha. Lakini mama yake alikuwa amesimama pale na sahani ya mihogo ya kunikaribisha, ananitazama kwa shukrani kwamba nimekuja.

"Yameisha, Selemani," nikasema. "Usijali."

Yaani nilimsamehe, mwanangu. Nikala na mihogo. Masika yaliyofuata nikaletewa habari kwamba ameshazikwa.

Karate haina kosa. Kajiunge nayo ukipenda, au kanyooshe viungo na kina mama. Usichague tu kwa ajili ya macho ya watu, kama nilivyochagua mimi. Tafuta kundi ambalo unaweza kusema "naumwa" bila kuona haya. Mtu akikuuliza kama unaweza kumbeba, mwambie kweli. Na ukimdanganya, rudi umwambie angali hai. Nakuandikia wewe kwa kuwa wa kuambiwa hayupo, na sidhani kukuandikia kumenipunguzia chochote.

Mwenyezi Mungu akujalie viungo vizima, mwanangu, na siku visipokuwa vizima, akujalie ulimi wa kusema.