Walivyozomea Wimbo wa Korosho

Sisi mashabiki wa roki wa Newala tulikuwa watu kumi na mmoja, na kati yetu hapakuwa na hata mmoja aliyejua roki ni nini. Tulichojua ni makoti. Yalikuja kwenye marobota ya mitumba, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mtu wa Newala akaweza kuvaa koti jeusi la ngozi la Mzungu asiyemjua, lenye zipu mpaka mikononi, kwenye jua la saa saba mchana. Maji yenyewe yalikuwa ya shida kule juu, kuoga ni kwa kubahatisha. Tulinuka kama beberu. Tulijiona watu wa dunia.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Kiingereza, na kwa ajili hiyo kundi likanipa kazi ya ukalimani. Mtu akipata kaseti ya bendi yetu ananiletea nyumbani na redio yake. "Mwalimu, hapa anasema nini?" Basi nasikiliza, narudisha nyuma, nasikiliza tena, na sisikii kitu isipokuwa mtu anayebweka ndani ya pipa. Lakini mwalimu wa Kiingereza atasemaje kwamba hakijui? Nilitunga. Nikawaambia kijana ameachwa na mchumba, anatembea peke yake barabarani, mvua inamnyeshea. Nikawaandikia na maneno yenyewe. Wakayakariri. Ukipita jioni karibu na studio ya picha ungewakuta wamefumba macho, wanaimba upuuzi wangu kwa uchungu kama watu waliofiwa.

Bendi yenyewe ilikuwa ya vijana watano wa Dar es Salaam, Waswahili kama sisi, ila waliimba kwa Kiingereza cha puani na magitaa yao yalikuwa na kishindo. Hicho ndicho tulichokipenda. Mwenyekiti wetu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye studio ya picha, alikuwa na msemo wake: roki ni ya watu walioendelea. Alikuwa na pazia lililochorwa ndege na maghorofa, akiwapiga watu picha mbele yake. Nadhani alishakaa na lile pazia mpaka akaamini anaishi ndani yake.

Siku moja zikaja habari kwamba bendi itapiga Masasi, Jumamosi, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa mjini. Hatukulala. Alfajiri tulipanda lori la mizigo, tukashuka mlima na makoti yetu tumeyakunja ndani ya mifuko ili yasishike vumbi. Tulipofika tukaenda kwanza mtaa wa Mkomaindo, kwa dada yangu, kunawa uso na kuvaa.

Dada yangu alikuwa amenizidi miaka kumi na miwili. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha korosho tangu kilipofunguliwa mpaka siku walipoambiwa waende nyumbani wakasubiri kuitwa. Hawakuitwa. Korosho zikawa zinapakiwa na maganda yake, zinapelekwa kubanguliwa ng'ambo, na yeye akawa anakaanga mihogo barazani. Vidole vyake vilibaki na mabaka meusi ya yale mafuta ya ganda ambayo yanaunguza ngozi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alitutazama tukivaa makoti uani kwake, mmoja baada ya mwingine, akauliza:

"Mnakwenda kuchoma nyuki?"

Hakuna aliyecheka. Akafunika karai lake, akajitanda kanga, akasema, "Nami nakwenda. Nimechoka kukaa."

Mwenyekiti alinivuta pembeni. "Mwalimu, dada yako atatuaibisha. Mama mtu mzima na kanga kwenye roki?"

Ningeweza kumwambia maneno mengi. Nilimwambia, "Usijali, atakaa nyuma."

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo mashabiki wa Masasi, nao na makoti yao. Walikuwepo wengine waliotoka Ndanda, waliojiona wastaarabu kuliko sisi kwa sababu wanakaa kando ya barabara kuu. Tulipimana kwa macho, zipu kwa zipu. Joto lilikuwa la tanuri. Mtu mmoja wa Masasi alianguka kabla gitaa halijalia, na wenzake walipomfungua zipu ili apate hewa, alikuwa anawasukuma mikono. Hakutaka kuvuliwa koti.

Bendi ikapanda jukwaani. Wamevaa mashati ya kawaida na kandambili. Nikasikia mwenyekiti akiguna. Lakini wimbo wa kwanza ulipoanza, kile kishindo kikatupiga kifuani, vumbi likaanguka kutoka darini, na sisi tukapiga kelele. Ulikuwa ule wa kijana aliyeachwa na mchumba. Kumi na mmoja wa Newala tuliuimba wote, kwa maneno yangu, na mwimbaji akatutazama kwa mshangao. Alikuwa anaimba kitu kingine kabisa. Nilijua pale pale. Nikaendelea kuimba.

Wimbo ulipokwisha mwimbaji akafuta jasho, akasogeza maikrofoni. Akasema kwa Kiswahili, polepole, kwamba leo hawatapiga nyimbo za kaseti. Walikuwa wamezunguka mikoa ya kusini wiki mbili, wameona mambo, na wametunga nyimbo mpya. Huu wa kwanza, akasema, wameutunga baada ya kupita nje ya kile kiwanda chenu cha korosho na kukiona kimefungwa, majani yameota mpaka madirishani.

Mpiga gitaa akakaa kwenye kiti. Akaanza kupiga taratibu, nyuzi moja moja. Mwimbaji akaimba kwa sauti yake ya kweli, ambayo haikuwa ya puani. Aliimba juu ya mashine zilizolala, na mlinzi anayelinda kutu, na wanawake waliokuwa wakibangua huku wakiimba, ambao sasa nyimbo zao zimehamia majikoni.

Ukumbi ukawa kama mtu aliyeagiza pilau akaletewa ugali, anageuza sahani kuhakikisha.

Kisha mtu wa Ndanda akapaza sauti: "Kizungu!"

"Kizungu! Kizungu!" wakadakia wengine.

"Korosho tunazo nyumbani!"

"Kamwimbie mama yako!"

Wakazomea. Watu ambao baba zao walikuwa wanauza korosho ghafi na kurudi nyumbani wameinamisha vichwa, watu ambao shangazi zao walirudishwa kutoka kiwanda hicho hicho, walizomea kana kwamba wametukanwa. Mwenyekiti wetu, ambaye mama yake mzazi alikuwa anapalilia mikorosho kijijini Makote siku hiyo hiyo ili yeye apate chakula, alipanda juu ya benchi akapiga kelele kwamba roki haiimbwi Kiswahili. Huku anapiga picha. Alikuwa amekuja na kamera yake shingoni, na alipiga picha ya umati wote ukiwa umefungua midomo.

Na mimi? Mimi niliweka vidole viwili mdomoni nikapiga mluzi. Mluzi mrefu, wa kuwafukuza ndege shambani. Nilikuwa hodari wa mluzi tangu utoto.

Nilipogeuka kuona kama wenzangu wamenisikia, nilimwona dada yangu. Alikuwa amesimama ukutani nyuma kabisa, mikono ameifumbata ndani ya kanga, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza kikohozi cha mgonjwa. Alikuwa anafuata kila neno. Katika ukumbi mzima sikuona mwingine aliyefanya hivyo.

Mwimbaji alimaliza wimbo wake mpaka mwisho. Sura haikubadilika. Akaanza mwingine mpya, wakazidi kumzomea, ganda la chungwa likarushwa jukwaani. Mpiga besi akamnong'oneza jambo. Wakasimama, wakashauriana, kisha wakatupa tulichokitaka: nyimbo mbili za kaseti, za kishindo, Kiingereza cha puani. Lo! Watu wale wale waliotukana dakika kumi zilizopita walirukaruka, wakakumbatiana, mmoja akalia machozi. Mwenyekiti alisema sikioni mwangu, "Sasa ndiyo wameanza kupiga." Nikaitikia kwa kichwa. Bendi walipiga bila kututazama, kama watu wanaopakia mizigo, na walipomaliza walizima spika wakashuka. Jua lilikuwa bado halijazama.

Nje wenzangu walisimama kwenye makundi, wakijadiliana na wa Masasi na wa Ndanda kuhusu zile nyimbo mbili. Nilimtafuta dada yangu. Nilimkuta nyuma ya ukumbi, ambako wanamuziki walikuwa wanapandisha vyombo kwenye lori lao. Alikuwa anamwendea mwimbaji moja kwa moja. Nilitaka kujificha.

"Shikamoo mama," alisema yule kijana. Alikuwa amekaa juu ya spika, amechoka.

"Marahaba. Ule wimbo wa kiwanda umeutunga wewe?"

"Ndiyo mama."

"Umekosea."

Kijana akamtazama. Nadhani alidhani naye amekuja kudai Kizungu.

"Hatukuwa tunaimba," dada akasema. "Wewe unasema wanawake walibangua wakiimba. Nani angeimba? Zilikuwa mashine. Kelele yake usingesikia hata chafya yako mwenyewe. Mimi nilikaa pale miaka tisa na mwenzangu wa kushoto sikuijua sauti yake mpaka tulipofungiwa."

"Mlikuwa mnaongeaje?"

"Kwa mikono." Akamwonyesha: kiganja kifuani, vidole viwili hewani. "Hii ni mkanda umekatika. Hii ni msimamizi anakuja."

Mpiga dramu alikuwa amekwisha kuacha kubeba, amesogea. Mwimbaji akauliza, safari hii kwa sauti ya mwanafunzi, "Na hiyo kelele, ilikuwaje?"

Dada yangu alisita. Kisha akainama akapiga kwa kiganja juu ya ile spika, pale pembeni ya goti la kijana: mapigo mawili mazito, kimya, matatu ya haraka, tena mawili. Akarudia bila kukosea. Mpiga dramu alikuwa anatingisha kichwa.

"Ule wimbo wenu wa kwanza," akasema dada, "ule wa fujo, ndio unaofanana na kiwanda. Nilipousikia nikajua niko wapi. Kama mnataka kuimba kiwanda, imbeni kwa ule. Huu wa pili ni mzuri, lakini ni wa mtu aliyepita nje."

Yule kijana hakujitetea. Alisema, "Kweli tulipita nje." Akashuka kutoka kwenye spika, akamwomba dada akae yeye, amwonyeshe tena. Akakaa. Watano wote wakamzunguka, naye akawapigia kiwanda kizima, idara moja baada ya nyingine, kwa viganja vyake vyenye mabaka. Nilisimama mita tano kutoka hapo, na koti langu limenigandama mgongoni, na hakuna aliyeniita.

Usiniulize kama ule wimbo ulirekebishwa. Kaseti yao iliyofuata ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, na bila shaka ukumbi wa Masasi haukuwa ukumbi pekee uliowafundisha adabu. Baada ya hapo wakasambaratika. Wimbo wa korosho hakuna aliyeurekodi.

Newala, mwenyekiti alisafisha zile picha na kutundika moja kubwa studioni. Ni ile ya umati wenye midomo wazi. Wateja walipouliza, alieleza kwamba hapo mashabiki wote wanaimba pamoja na bendi, wimbo unaohusu maisha yetu sisi watu wa korosho, na kwamba yeye mwenyewe aliongea na mwimbaji kwa Kiingereza. Wenzetu wote walikubali, wakaongeza na ya kwao. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na aliyezomea. Baada ya miaka mitatu walikuwa wanajua hata mistari. Nimewasikia watu ambao siku ile hawakutoka Newala wakisimulia machozi yaliyowatoka. Kwenye picha ile nipo, safu ya tatu, vidole mdomoni. Mwenyekiti alikuwa anawaambia watu kwamba mwalimu alishindwa kujizuia akajiuma vidole.

Kisha ikaja fasheni nyingine, suruali pana na kofia zilizogeuzwa nyuma, na makoti yakarudi sokoni yalikotoka.

Dada aliniuliza mara moja tu, siku ile ile, tukitembea kurudi Mkomaindo kabla sijapanda lori.

"Ule mluzi ulikuwa wako?"

"Ndiyo."

"Niliujua. Ulikuwa unamfukuza nani?"

Nilisema wenzangu wote walikuwa wanapiga kelele. Tulipofika alifunua karai, akakuta mafuta yameingia sisimizi, akayamwaga, akakoka moto upya. Wenzangu walikuja na njaa zao, wakala mihogo yake yote wakisifia zile nyimbo mbili, na hakuna aliyemuuliza ameuonaje muziki.