Tundu Nililoziba kwenye Begi la Nzembi

Siku tulipomzika binti yangu sikulia.

Watu walisema. "Huyu mama ako na roho ya jiwe." Niliwasikia vizuri, nikaendelea kugawa chai.

Miezi mitatu baadaye, kipakiti cha sukari, kile kidogo cha kwenye ndege, kiliniangusha chini mchana kweupe. Majirani walikuja mbio wakidhani nimeumwa na nyoka.

Wacha niwaeleze ilivyokuwa. Mimi ni wa Mwala. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona naandika pole pole mnivumilie. Mjukuu wangu Mutanu ameniwekea herufi kubwa kwa simu.

Binti yangu aliitwa Nzembi. Ndiye mama yake Mutanu.

Sisi akina mama wa hapa tunasuka viondo. Nzembi ndiye alikuwa anavipeleka maonyesho huko nje. Kigali, Addis, Dubai, hata Ujerumani mara moja. Mwezi ulikuwa hauishi kabla hajapanda ndege.

Na mabegi yalikuwa yanamfia kama kuku.

La kwanza, gurudumu lilibaki Dubai. La pili, mkono ulichomoka, akarudi amelikumbatia kama mtoto mgonjwa. La tatu, zipu ilipasuka kwa foleni ya uwanja wa ndege, nguo za ndani zikamwagika mbele ya mapadri wawili.

"Mwaitu," akaniambia. Hivyo ndivyo sisi Wakamba tunaita mama. "Yule padri mzee ndiye alinisaidia kuokota. Na hata hakufumba macho!"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Nikamwambia, "Wewe unanunua rangi. Begi lingine tutaenda na mimi."

"Mwaitu, na wewe hata ndege hujapanda?"

"Na kiondo changu, nani amewahi kukirudisha kikiwa kimetoboka?"

Akaenda kuchukua kibeti chake.

Tukaenda Machakos mjini, kwa Abdilatif. Ni Msomali, anauza mabegi karibu na soko. Maneno mengi, lakini hadanganyi.

"Mama karibu! Unaenda Makka?"

"Mimi narudi Mwala. Anayeenda ni huyu."

Akamgeukia Nzembi. "Dada, kwanza niambie. Unaingia nalo ndani ya ndege, ama unaliacha na mizigo?"

"Naingia nalo. Nikishuka nataka nitoke niende zangu."

"Basi tunapima na magurudumu, na mkono pia." Akatoa tepu ya fundi wa nguo. "Watu wanapima tumbo wanasahau miguu. Wakifika kule wanaambiwa halitoshi, wanaanza kulia."

Akachukua begi moja jekundu, linang'aa kama gari la harusi. Akatoa biro mfukoni, akaisukuma katikati ya zipu.

Zipu ikaachia kama mdomo wa mlevi.

"Umeona? Biro tu. Mwizi hata hahitaji kisu."

Akachukua lingine jeusi, halina urembo wowote. Akasukuma biro. Biro ndiyo ilivunjika.

Kisha akalipindua. "Ona gurudumu. Limefungwa na skrubu. Likikufa, fundi yeyote anabadilisha. Yale mengine yamepigwa ribiti, msumari usiofunguka. Gurudumu likivunjika umezika begi zima."

Nzembi alikuwa anatingisha kichwa tu. Mimi nikaona zamu yangu imefika.

"Abdilatif, duka hilo la pili si wanauza unga?"

"Wanauza, mama."

"Niazimie pakiti kumi na mbili."

"Za nini?"

"Wewe leta."

Tukazipanga ndani ya begi, tukafunga zipu. Nikamwambia alivute kwa ngazi za baraza, apande, ashuke, apande tena.

"Wallahi mama, hakuna ndege itamkubalia kilo ishirini na nne!"

"Kitu kikibeba kizito, chepesi ni mchezo. Vuta."

Akavuta, maskini. Jasho lilimtoka. Watu wakajaa kuangalia. Mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Abdilatif! Umefukuzwa nyumbani?"

Nzembi alicheka akakaa chini kwa ngazi. Hiyo ndiyo picha yake ninayobaki nayo. Amekaa pale, mkono kwa kifua, machozi ya kicheko.

Begi halikulia hata kidogo. Nikasema basi, tunachukua.

"Bado," Abdilatif akasema. Akalifungua, akaingiza mkono mpaka kiwiko. "Mama, sikiza hii. Nje ni rangi. Begi linaanza kufa kwa bitana, hiki kitambaa cha ndani. Kikipata tundu, kitu kinapita nyuma na hukioni tena. Kila akirudi safari, ingiza mkono mpaka chini kabisa. Usitumie macho. Tumia mkono."

Nikaitikia. Lakini ukweli ni kwamba nilisikia kwa sikio moja. Nilikuwa bado najisifu na unga wangu.

Sasa, kuna jambo la kwetu lazima niwaambie.

Kwetu chombo hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharagwe na kiondo, kile kiondo utakirudisha na kitu ndani. Hata kama ni embe moja. Hata chumvi kidogo kwa karatasi. Ukikirudisha kitupu, umemwambia bila mdomo: mimi na wewe tumemalizana.

Kwa hivyo safari ya kwanza ya lile begi, nikatia kunde kiganja kimoja kwa kamfuko ka ndani. Sikusema kitu.

Nzembi akarudi baada ya wiki. Nikaingiza vidole kwa kale kamfuko. Kunde hakuna. Kuna kipakiti cha sukari cha ndege.

Nikamwangalia. Akaniangalia. Tukacheka.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Mimi naweka kunde, yeye ananirudishia sukari. Sikuitumia. Niliweka kwa mkebe wa mafuta ya kupikia uliokwisha, juu ya kabati. Nikimkumbuka sana natingisha mkebe.

Miaka miwili hivyo.

Halafu Machi mwaka jana, Nzembi akaniambia anaenda Addis siku nne.

Alirudi siku ya tisa.

Alikuwa amekonda. Nikamuuliza, "Safari ilikuwaje?" Akasema, "Ndefu." Akaenda kunawa uso, mimi nikavuta begi, nikaingiza vidole kwa kamfuko.

Kitupu.

Sukari hakuna. Chini ya kamfuko kulikuwa na tundu, vidole viwili vinapita.

Wanangu, mnajua mtu anaweza kuumia bila kupigwa? Nilikaa pale kwa kigoda nikasema moyoni, leo mtoto wangu amenirudishia chombo kitupu. Ameona mengi huko nje. Amechoka na kunde za mama.

Nikasikia ako nyuma yangu, amesimama mlangoni.

"Mwaitu, umefungua begi?"

"Nimefungua."

Akangoja. Hakutoka pale mlangoni. Alikuwa amejishika mkono kwa kifua, hivi, kama siku ya unga. Nilidhani ni baridi.

Na mimi nilingoja. Mimi kungoja nakujua. Nimengoja mvua, nimengoja mume arudi kutoka kazini Mombasa, nimengoja mbuzi wakizaa. Nikasema, akiwa na neno atalisema mwenyewe.

Nikachukua sindano ya kushona magunia na uzi wa nailoni. Nikaziba lile tundu. Nilishona ule mshono wa kitako cha kiondo, ambao hata panya anaukimbia.

Yeye bado amesimama, anaangalia.

"Umeziba?"

"Nimeziba. Hapo hapatafunguka tena."

Akacheka kidogo, bila sauti. Akaenda kulala, na jua bado liko juu.

Baada ya hapo alisafiri mara tatu. Alisema ni Kigali, Kampala, halafu tena Kigali. Alikuwa anavuta lile begi mpaka barabarani, boda boda inambeba.

Sikumwekea kunde. Hata moja.

Na yeye hakuleta sukari.

Tulikuwa tunasalimiana vizuri, tunakula pamoja, tunaongea juu ya ng'ombe na bei ya katani. Mtu wa nje hangejua. Lakini kati yetu kulikuwa na kitu kimekaa, kama mgeni asiyeondoka.

Mwezi wa nane Nzembi alianguka jikoni.

Tulipomfikisha hospitali, muuguzi aliangalia uso wake akasema, "Aah. Huyu si ndiye wa begi jeusi?"

Nikamuuliza, "Mnajuana?"

"Mama, amekuwa akija hapa tangu Machi. Saratani ya titi. Analazwa siku kadhaa, anatibiwa, anaenda. Anakuja peke yake akivuta kibegi chake, tukamzoea."

Kwa hivyo Addis alienda siku nne, zile tano zingine zilikuwa wodini. Na Kigali haikuwa Kigali. Kampala haikuwa Kampala. Lile begi nililolipima na unga lilikuwa linaenda wodini.

Muuguzi akaongeza, "Tulikuwa tunamuuliza, huna mtu wa kukaa na wewe? Anasema, mama yangu anajua."

Mama yangu anajua!

Nzembi hakuongea tena. Alikaa siku sita, akaenda.

Sasa mnajua kwa nini sikulia. Nilikuwa na hasira. Nilisema, huyu mtoto alinificha, halafu akadanganya wageni ati najua. Alikufa akiniona mimi si mtu wa kuambiwa. Nitamlilia vipi mtu aliyenifungia mlango?

Nilimzika na ile hasira. Mungu anisamehe.

Miezi mitatu ikapita. Mutanu akasema anataka kuendeleza kazi ya mama yake, ameitwa maonyesho Kigali. Kigali ya kweli. Akalitoa begi juu ya kabati, akalipindua alipangushe vumbi.

"Susu," akaniita. Hivyo ndivyo anavyoniita mimi nyanyake. "Hili begi linalia kama kayamba."

"Wapi?"

"Sikiza." Akalitingisha.

Nikasikia. Chaka, chaka.

Ile sauti naijua. Nimepepeta kunde maisha yangu yote.

Nikaingiza mkono mpaka chini kabisa, vile Abdilatif alisema. Vidole vikagusa mshono wangu mwenyewe. Na nyuma ya mshono, kitu.

"Mutanu, lete wembe."

Huo mshono ulikataa kufunguka. Nilishona vizuri sana, ole wangu. Wembe uliteleza ukanikata kidole, nikaendelea.

Zikatoka kunde. Saba, nane, kavu kama changarawe.

Halafu kikatoka kipakiti cha sukari. Kilikuwa kimefungwa na ule mkanda wa plastiki wanaokuvalisha mkononi hospitalini. Juu yake jina la Nzembi na tarehe ya Machi.

Na kwa ile karatasi ya sukari kulikuwa na mwandiko wa biro. Alijua mimi nasoma kwa kidole, kwa hivyo aliandika herufi kubwa, maneno mawili tu.

MWAITU, NIULIZE.

Hapo ndipo niliposhuka chini. Hapo ndipo majirani walikuja.

Mnaona? Alikuwa amerudisha chombo na kitu ndani. Kitu kizito kuliko vyote. Kwetu mtoto haanzi kumwambia mama yake habari za titi lake, mdomo unakataa. Mama ndiye huuliza. Kwa hivyo akaniandikia, akaweka pale anajua nitatafuta. Kumbe tundu likakimeza.

Akasimama mlangoni, akaniuliza kama nimefungua begi. Nikasema nimefungua.

Akaamini nimesoma ile karatasi.

Mtoto ananiomba nimuulize, na mimi nikachukua sindano. Nikamshonea mbele ya macho yake. Nikamwambia hapatafunguka tena.

Na bado aliwaambia wale wauguzi, mama yangu anajua. Hakudanganya mtu.

Nililia siku nne. Nililia ya mazishi na ya Machi na ya zile safari tatu nilizomwacha aende bila kunde.

Kama unasoma hii kwa sababu unatafuta begi la kusafiria, nitakuambia nilichoambiwa. Pima na magurudumu. Jaribu zipu na biro. Chagua gurudumu la skrubu. Halafu kila safari ingiza mkono mpaka chini ya bitana, na ukipata tundu, usizibe kabla hujajua limemeza nini.

Na mtu wako akirudi amekonda, usikae ukisubiri aanze yeye. Nilifundishwa kwamba uvumilivu ni mzuri. Ni mzuri kwa mvua. Kwa mtoto anayesimama mlangoni si uvumilivu, ni uoga umevaa leso safi.

Jumanne Mutanu alikuwa anaondoka. Nilimtilia zile kunde za mama yake kwa kamfuko. Boda boda ilikuwa imefika, inapiga honi. Akainama anikumbatie.

Nikaona chini ya macho yake kumeingia ndani.

Moyo ukaniambia, ngoja, atasema akirudi.

Nikamshika mkono. "Mutanu. Uko sawa?"

"Niko sawa, Susu."

"Hapana. Nimekuuliza."

Akaachilia mkono wa begi, akakaa chini kwa ngazi, pale pale, na boda boda ikipiga honi.

Nikakaa karibu naye.